Simu ya Mfuko wa Kanzu

Jumamosi, 7 Oktoba 2006
Nimeshindwa kujizuia. Baada ya alasiri nimekwenda Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, nimerudi na Motorola Razr V3 ya rangi ya fedha. Ni mtumba, lakini imemeza ufundi wa kanzu ishirini na tano. Mama watoto nimemwambia nilifuata uzi.

Nimeipima kwa macho ya kazi yangu. Unene wake ni milimita 13.9 ikiwa imefungwa. Kwa uzito inaizidi Nokia 1100 yangu, gramu 95 kwa 86, ila uzito huo umetandazwa. Nokia ikikaa kwenye mfuko wa kanzu huvimba kama jipu. Hii inalala, na kitambaa kinaanguka kama nilivyokikata.

Jumatatu, 9 Oktoba
Vitufe vyake vimechongwa kwenye bamba moja la chuma, vinawaka buluu. Utamu wenyewe uko kwenye kuifunika. Mteja anauliza kanzu yake ya Idd. Namjibu "kesho inshallah", kisha pa! Mazungumzo yamekwisha.

Hasara yake nimeiona jioni. Mzee mmoja kaitazama pale mezani, akasema: "Fundi mwenye simu hii anadai arubuni ya nini?" Kakataa kutoa.

Alhamisi, 12 Oktoba
Mgao. Umeme umekatika tangu asubuhi. Cherehani yangu ni ya miguu, haijali, lakini kutunga uzi gizani ni kazi nyingine. Ile buluu ya Razr inapendeza, haionyeshi tundu la sindano. Kijana wangu kachomoa 1100 kwenye droo, kawasha tochi, tukashona kola tatu.

Usiku Razr ikazima. Jirani mwenye jenereta ana chaja za Nokia za kila namna, yangu hana. Hii ina tundu moja tu la pembeni: la kuchajia, la spika za masikioni, na la waya wa kompyuta. Wateja wawili walionikosa simuni wamekuja wenyewe, na sauti zao zimefika msikitini.

Jumatano, 18 Oktoba
Kijana alitaka kunirushia taarabu kwa bluutuu. Simu imekataa. Kumbukumbu yake yote ni megabaiti 5.5, na hakuna pa kuchomeka kadi. Taarabu ya dakika kumi itakaa wapi humo? Picha nazo ni za megapikseli 0.3: nimeipiga darizi ya kifuani, imetoka kama ukungu.

Jumamosi, 28 Oktoba
Idd imepita, kanzu zote zimetoka. Siku ya swala nilikwenda na Razr mfukoni, na sijuti. Watu watatu waliomba kuishika, kila mmoja akaifungua na kuifunga mara mbili bila kupiga simu yoyote. Ndipo nikaielewa. Ni nguo ya mtoko: imekatwa vizuri, na waliopunguza unene walipunguza na mengine. Kosa lilikuwa langu, kuivaa kazini.

Laini nimeirudisha kwenye 1100. Razr nimeikunja kwenye kipande cha poplini.

Mama watoto ameiona leo. Hakugomba. Ameuliza tu ule uzi niliofuata Kariakoo uko wapi.