Deni la Magunia Mawili ya Viazi

Atokaye Kitale kwenda Bungoma kwa baiskeli hana haja ya kupanda mlima. Kitale iko kiasi cha mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Bungoma iko chini yake kwa mita zipatazo 500. Hivyo mwenye akili hushika barabara ya lami ya Kiminini na Webuye, akayaacha magurudumu yafanye kazi. Lakini karani mmoja wa Kitale, siku moja ya Agosti mwaka 2013, aliiacha barabara hiyo pale Kamukuywa, akageuka kulia, akaanza kuupanda Mlima Elgon.

Sababu yake ilikuwa shilingi 2,800 zilizofungwa katika karatasi ndani ya mfuko wa shati.

Baba yake, mwenyeji wa Kanduyi, alikuwa mchuuzi. Kwa miaka mingi alipanda mlimani na baiskeli tupu, akateremka na viazi au vitunguu hadi soko la Kimilili, na pengine hata Chwele. Viazi alivichukua kwa mkopo kwa mkulima mmoja Msabaoti juu ya Kaptama, naye hulipa safari iliyofuata. Mara ya mwisho alichukua magunia mawili, moja leo na jingine kesho yake. Ndipo yakaja mapigano ya ardhi ya mwaka 2006 hadi 2008; watu wengi waliuawa, wengine wakakimbia, na mchuuzi wa Kibukusu hakuwa na njia ya kupita tena. Hata amani iliporudi, magoti ya mzee yalikuwa yamekwisha. Na pikipiki zilikuwa zimejaa kila mahali, kwa kuwa mwaka 2008 Serikali iliziondolea kodi ya VAT pikipiki ndogo. Basi mzee akampa mwanawe baiskeli, akampa na deni.

Labda msomaji atauliza kwa nini fedha hizo hazikupelekwa kwa simu, kama watu wafanyavyo siku hizi. Mzee hakuwa na namba ya rafiki yake. Hakujua hata kama yu hai.

Baiskeli ile ilikuwa ya aina ile nyeusi, nzito, isiyo na gia, ambayo watu huiita Black Mamba. Kwenye tambarare ni mnyama mpole. Mlimani humtesa bwana wake. Karani alisimama juu ya pedali, akaenda upande huu na upande huu wa njia kama nyoka, lakini kabla ya kufika Kaptama alikuwa ameshuka, akaisukuma kama wengine wote. Barabara ilikuwa bado haijatiwa lami, na mvua ya usiku ilikuwa imeugeuza udongo mwekundu kuwa sabuni. Udongo ukajaa kati ya tairi na madigadi, hata gurudumu likakataa kuzunguka. Ikambidi auchokoe kwa kijiti kila baada ya hatua mia.

Juu ya Kaptama mahindi yalikwisha, msitu ukaanza. Hewa ikawa baridi. Mipodo na mizeituni mikubwa ya mlimani ilisimama huku na huku, ndevu za kuvu zikining'inia matawini, na mbega walirukaruka bila kumjali. Alikuwa amesikia habari za ndovu wa Elgon waingiao katika pango la Kitum kulamba chumvi ya mwamba, na ingawa pango hilo liko mbali, upande wa Endebess, kila kijiti kilichovunjika kilimfanya asimame. Lakini kilichomtisha zaidi hakikuwa ndovu. Ukingoni mwa msitu palikuwa na misingi mitatu ya nyumba zilizoungua, na upupu umeota mahali pa moto wa jikoni. Akafikiri: Kijana wa Kibukusu anatafuta nini huku?

Mzee alikuwa hai. Alikuwa ameketi mbele ya nyumba akichagua mbegu, naye alimtazama kwanza baiskeli, kisha mtu.

“Mulembe,” akasema, yaani amani, kwa lugha ya mgeni wake. “Hiyo keria naijua. Mwenyewe yuko wapi?”

“Yuko nyumbani, mzee. Ni baba yangu. Magoti hayamruhusu.”

Yule mzee alizipokea fedha, akazihesabu mara mbili bila haraka. Hakusema kwamba si lazima, wala hakurudisha hata shilingi moja. Alisema tu kwamba vijana wawili wa nyumba ile hawajaonekana tangu mwaka 2008. Baada ya chai aliinuka, akaleta nusu gunia la viazi, akalifunga juu ya keria kwa kamba za mipira ya tyubu kuukuu, akitia mafundo kwa mkono uliozoea.

“Mwambie bei ni 1,200. Atalipa safari ijayo.”

Kuteremka kuelekea Kapsokwony kulikuwa kubaya kuliko kupanda. Mvua ilianza saa tisa. Breki zikalia, kisha zikanyamaza, na hapo ndipo mtu hujua ya kuwa hana breki. Aliburuza mguu chini kama alivyowaona wachuuzi wakifanya, lakini wachuuzi huvaa kandambili za tairi, naye alikuwa amevaa viatu vya ofisi. Kwenye kona moja alianguka mtaroni, gunia likapasuka. Watoto walikuja mbio kutoka nyumba ya karibu, wakaviokota viazi matopeni. Kama vitatu au vinne vilibaki mifukoni mwao, ulikuwa ujira wa haki.

Kutoka Kimilili njia ikawa nyepesi, na taa ya dinamo ikamfikisha Kanduyi yapata saa moja u nusu usiku.

Baba yake alisikiliza habari yote. Habari ya wale vijana wawili aliiuliza tena, akanyamaza. Kisha akakishika kiazi kimoja, akakikwaruza kwa ukucha, akauliza bei. Alipoambiwa alisema ni ghali, huyo mzee siku zote ni mgumu. Akaagiza baiskeli iingizwe ndani, isilale kwenye mvua.