Kutafuta Neno Ndani ya Faili: Jambo Linalomhusu Mwalimu wa Kiswahili

Mwalimu atunzaye maandalio yake katika kompyuta hukabiliwa na tatizo ambalo mwalimu wa daftari hakulijua. Daftari likipotea, limepotea. Lakini maandalio yaliyomo katika kompyuta yapo, ila hayaonekani. Tumeona yafaa kulieleza jambo hili kwa walimu wanafunzi, kwa kuwa kiini chake si mashine bali ni sarufi ya Kiswahili.

Mwenzetu mmoja aliyefundisha kwa miaka mingi katika shule ya msingi iliyo jirani na Feri alifariki dunia, akaacha kompyuta nyumbani kwake Kariakoo. Marehemu alikuwa na mbinu yake ya kufundisha kusoma. Aliwapeleka watoto sokoni Magogoni wakasikiliza mnada wa samaki, kisha wakarudi darasani kuandika waliyoyasikia, na maandishi hayo ndiyo yaliyokuwa kitabu chao cha kusomea. Wengi walikuwa watoto wa wavuvi, wachuuzi na mama lishe. Changu na kolekole waliwajua kabla ya kuzijua herufi. Mbinu hiyo hakuichapisha popote. Familia ilikwisha kupata mnunuzi, na kompyuta ilikuwa ifutwe siku ya Jumamosi. Tulipewa jioni mbili.

Ndani mlikuwa na faili zaidi ya elfu moja, nyingi zikiitwa "Andalio jipya", "Andalio jipya 2", na kuendelea. (Tabia hii walimu tunayo sote.) Tulipoandika "mvuvi" katika kisanduku cha kutafutia, zilikuja faili tatu tu, zote za imla.

Hapana budi kueleza jinsi kompyuta itafutavyo. Njia ya kwanza ni ya faharasa: mashine huyaorodhesha mapema maneno yaliyomo katika faili, kama orodha iliyo mwishoni mwa kitabu. Kitafutio cha Windows hutumia njia hiyo, na kwa kawaida hulilinganisha neno kuanzia herufi yake ya kwanza. Kwa Mwingereza hilo si taabu kubwa, maana lugha yake hubadilisha maneno mwishoni. Atafutaye fish hupata fishing na fisherman. Kiswahili hubadilisha mwanzoni. Mvuvi, wavuvi, uvuvi, alivua, wakivua: ni ukoo mmoja, lakini katika faharasa kila mmoja amekaa mbali na mwenzake.

Njia ya pili ni kuisoma kila faili tangu mwanzo hadi mwisho na kusimama popote herufi zilizotajwa zionekanapo, hata katikati ya neno. Programu mashuhuri ya namna hiyo, iitwayo grep, ilitungwa na Ken Thompson wa Bell Labs, Marekani, ikatokea mwaka 1973. Njia hii ni ya polepole, lakini haijali viambishi. Kwetu sisi ndiyo iliyo bora.

Tulipata programu ya aina hiyo iwezayo kufungua maandishi ya Word, tukaanza na "vu". Hapo tuliletewa mvua, mvulana, nguvu na uvumilivu. Na kwa kuwa huko ni Feri, kivuko na kuvuka vilijaa kila mahali. "Vua" nayo ilirudi na mvua. "Vuvi" ilitupa mvuvi, wavuvi na uvuvi bila mvua. Kisha tukaongeza sharti kwamba faili iwe pia na "nad", ili tupate mnada, minada, mnadi na kunadi kwa pamoja. Zilibaki faili kumi na nne, na masomo ya Magogoni yalikuwamo. Picha za madaftari ya watoto hazikuonekana katika utafutaji wowote, kwani mbele ya mashine picha ya neno haina herufi; hizo tulizihamisha zote bila kuchagua.

Sasa tutazame darasani. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, iliyotoka mwaka 1981, huweka nomino chini ya umbo la umoja na vitenzi bila "ku". Mtoto akutanaye na "wavuvi" akafungua herufi W hatalikuta. Katika mazoezi ya kufundisha tunaona walimu wanafunzi wakikazia mfuatano wa alfabeti, huku wakisahau kumfundisha mtoto kulivua neno viambishi vyake kwanza. Kwa maoni yetu, hilo ndilo lililo gumu, na ndilo linalostahili muda.

Zoezi lifuatalo halihitaji kompyuta, ubao watosha. Andika herufi chache za mzizi. Kundi la kwanza litaje maneno yote yatakayonaswa nazo, na kundi la pili lieleze yapi ni ndugu na yapi ni wageni waliojipenyeza. Tulilijaribu chuoni kwa "lim". Ubao ulijaa kilimo, mkulima, ulimi, mlima, ulimwengu, elimu na mwalimu. Ubishi juu ya kama mwalimu na mkulima ni ndugu ulimaliza kipindi kizima, hata baada ya kuwaeleza kwamba mmoja ni Mbantu na mwingine ametoka katika Kiarabu.