Sauti ya Milioni Mbili



Juma lililopita niliwaahidi mazungumzo juu ya jambo jingine, lakini limenifika jambo lililonikosesha usingizi kwa siku tisa, nami naona heri niliandike kabla halijapoa. Linahusu hedifoni, yaani zile spika ndogo za kuvaa masikioni. Msicheke. Mtu mzima mwenye miaka 58 anaweza kabisa kukosa usingizi kwa ajili ya hedifoni.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anaishi Hannover nchini Ujerumani, ambako ni fundi wa umeme. Kaskazini mwa mji huo, mahali paitwapo Wedemark, ndipo ilipoanzishwa kampuni ya Sennheiser mwaka 1945, na kijana huyu, kwa kuwa amepanga karibu na kisima, amekunywa maji yake kupita kiasi. Alipokuja likizo mwezi uliopita alikuja na hedifoni aina ya HD 800 S, zilizoingia sokoni mwaka 2016, ambazo yeye alizinunua kwa euro 1,599. "Mjomba," akaniambia, "mimi nimepata nyingine. Hizi nitakuachia kwa milioni mbili, pamoja na amplifaya yake, kwa kuwa ni wewe."

Milioni mbili nilikuwa nazo, na hapo ndipo penye tatizo. Ningekuwa sina, ningemshukuru na kuagana naye kwa amani. Fedha hizo nilikuwa nimezidunduliza kwa miaka miwili kwa ajili ya jiko la Mama kule kijijini, wilayani Mbinga. Mama ana miaka 81 na bado anapikia katika kibanda cha miti na udongo ambamo moshi hauna mahali pa kutokea isipokuwa machoni mwake. Nilikwisha kuelewana na fundi juu ya matofali, mabati na dohani.

Basi kwa nini mtu kama mimi ashawishike? Ni kwa sababu ya kaseti moja. Mwaka 1984, siku ya Pasaka, mwalimu mkuu wa shule yetu ya msingi aliweka redio kaseti yake juu ya benchi la mbele akairekodi kwaya ya kigango, nyimbo sita, upande mmoja wa kaseti ya dakika 60. Baba alikuwa mwimbaji wa besi, safu ya nyuma, upande wa dirishani. Alifariki mwaka 1990. Hakuna mahali pengine sauti yake ilipohifadhiwa; hata picha tunazo mbili tu, na katika mojawapo ameinamisha kichwa. Kaseti ile nimeisikiliza tangu ujana wangu, na katika wimbo wa tatu, ubeti wa pili, ipo sauti moja nzito inayochelewa kidogo nyuma ya wenzake. Siku zote nimejiambia: huyo ndiye Baba.

Mpwa wangu alikwisha kuihamishia kaseti hiyo kwenye kompyuta, akanitengenezea nakala mbili. Ya kwanza ni kama ilivyo. Ya pili ameisafisha: ameondoa mvumo wa utepe, mikwaruzo ya mabenchi, na kikohozi cha mtu mmoja ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa akiniudhi, kwani kila ubeti ukiisha hukohoa mara mbili, kikohozi kikavu, kana kwamba amelipwa kwa kazi hiyo. Mimi mwenyewe ndiye niliyeomba kiondolewe.

Usiku wa kwanza kijana alinivisha hedifoni zile, na kwa ujanja wa mfanyabiashara hakuanza na kaseti yangu. Alianza na Missa Luba, ile misa ambayo kwaya ya Les Troubadours du Roi Baudouin ya Kamina, huko Katanga, ilizunguka nayo Ulaya mwaka 1958 chini ya Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji. Ndugu zangu, sitawadanganya. Nimeijua misa ile tangu nikiwa mwanafunzi, lakini usiku ule nilisikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya kuinua sauti. Nilisikia vidole vikigusa ngozi ya ngoma, na baada ya vidole nikausikia ukumbi wenyewe. Machozi yalinilengalenga, na kijana akatazama pembeni kwa adabu, huku (nina hakika) akihesabu milioni zake mbili.

Kisha tukaweka kaseti ya mwaka 1984.

Lililotokea lilinishangaza. Sauti ile nzito ya wimbo wa tatu, niliyoiita Baba kwa zaidi ya miaka thelathini, iliyeyuka mbele yangu. Hedifoni zile zilionyesha wazi kwamba haikuwa sauti ya mtu mmoja. Walikuwa wawili, labda watatu, wameachana kidogo, na katika redio yangu ya zamani walikuwa wameshonwa pamoja wakawa mzee mmoja. Nilirudia mara saba, kisha nikapanda kitandani sina Baba.

Mpwa wangu alinieleza kwa upole. Utepe wa kaseti hupita mbele ya kichwa cha kurekodia kwa mwendo wa sentimita 4.76 tu kwa sekunde, na maikrofoni ya redio ile ilikuwa ndogo, ya ndani, tena ilikuwa mbali na safu ya nyuma. Kisichoingia katika utepe siku ile hakuna chombo kitakachokitoa leo. Hedifoni nzuri haziongezi chumvi kwenye mboga. Hukujulisha tu kwamba mpishi aliisahau.

Siku zilizofuata nikaingia katika kupiga hesabu, kwa maana moyo ukishapenda huomba akili iutafutie vibali. Nikasoma. Nikakuta kwamba mwaka 2017 mtaalamu Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedifoni 283 za bei mbalimbali, akakuta hakuna uhusiano kati ya bei na namna zinavyogawanya sauti za juu na za chini. Nikakuta pia kwamba Sony MDR-7506, ambazo zimekuwapo tangu mwaka 1991, zenye waya uliojiviringa na plastiki isiyomvutia mtu, huuzwa Marekani kwa kama dola 100, na mafundi wa studio hufanyia kazi hizohizo. Na upande wa pili wa dunia ipo hedifoni ya Sennheiser iitwayo HE 1, iliyotangazwa mwaka 2015 kwa bei ya takriban euro 50,000, ambayo amplifaya yake imekalia marumaru ya Carrara. Marumaru! Hapo nilijisikia mtu mwenye kiasi sana na milioni zangu mbili, na nadhani bidhaa za namna hiyo zina kazi hiyo pia.

Kuhusu masikio yenyewe, husemwa kwamba mtu husikia kuanzia mitetemo 20 hadi 20,000 kwa sekunde, lakini ile ya juu huondoka polepole kadiri umri unavyokwenda. Kijana alinipima kwa kompyuta: yeye alisikia hadi 17,000; mimi nilinyamaza kwenye 11,000. Sehemu ya bei ile ningelipia kitu kisicho na mlango wa kuingilia kwangu. Zaidi ya hayo, hedifoni zile ziko wazi kwa nyuma, hazizuii sauti ya nje, na nyumba ninayoishi inapakana na kijiwe cha bodaboda. Vilevile zina ukinzani wa omu 300, hivyo bila amplifaya simu yangu ingezichechemesha tu.

Haki lazima isemwe: ni chombo kilichotengenezwa na watu wanaojua kazi yao. Nilikivaa saa tatu bila kuumwa sikio. Na ile pumzi ya mwimbaji wa Kamina haikuwa ndoto. Mtu mwenye nafasi, asiye na jiko la kujenga, simlaumu hata kidogo. Mimi mwenyewe, siku ya saba, nilikuwa nimekwisha kutunga barua kichwani ya kumweleza fundi kwamba kazi itasogezwa hadi baada ya mavuno.

Jumamosi nikaenda kijijini, hedifoni na amplifaya vikiwa ndani ya begi, kwa nia ya kumpa Mama habari hizo ana kwa ana. Nilimkuta jikoni, nikamwamkia, akaniitikia kutoka ndani ya moshi. Alipotoka nikamketisha chini ya mwembe, nikamfungua kilemba kidogo nikamvisha hedifoni. Kwa haraka nikafungua nakala ya kwanza, ile isiyosafishwa.

Alisikiliza mikono ikiwa magotini. Akaanza kuwataja: huyu mke wa katekista, huyu yule aliyehamia Songea, huyu binti aliyekuwa akipandisha mno. Ulipofika wimbo wa tatu nilimwinamia nikamwuliza, kwa sauti iliyonikauka, kama anamsikia Baba katika besi.

"Baba yako hakuimba siku ile," akasema. "Kifua kilikuwa kimembana tangu Kwaresima. Mwalimu wa kwaya alimwambia asimame tu na wenzake, afumbue kinywa, asiimbe." Kisha akainua kidole, akangoja ubeti uishe. "Huyo hapo. Huyo anayekohoa."

Nilichomoa waya, nikaifungulia simu yangu peke yake, ile spika yake ndogo kama ya mbu. Kikohozi kilisikika bila shida yoyote, mara mbili, kikavu, kama kilivyosikika katika kila redio niliyowahi kuwa nayo.

Jumatatu nilimrudishia mpwa wangu mzigo wake. "Mjomba, nitapunguza hadi milioni na nusu," akasema. Nikamwomba badala yake anihifadhie nakala ya kwanza mahali pawili, na ile iliyosafishwa aifute. Matofali yalishushwa Alhamisi. Mama amepiga simu akitaka nimchezee tena kanda ile nitakapokwenda, lakini amesema nisimvike kitu kichwani, kwa sababu kilimvurugia kilemba.