Siku tatu za mkutano Addis Ababa, na ahadi ya kumwona Lucy

Safari ya kikazi nje ya nchi huonekana tamu kwa anayebaki. Jirani hutania kwamba mtu anakwenda kula bata, watoto huagiza zawadi, na ofisini kuna anayenuna kwa nini hakuteuliwa yeye. Anayesafiri anajua mengine: uwanja wa ndege, hoteli, ukumbi, hoteli, uwanja wa ndege. Wapo waliokwenda Geneva mara tano na hawawezi kumweleza mtoto ziwa la pale lina rangi gani.

Mama mmoja mhasibu wa Dar es Salaam, mwenye watoto wawili, alitumwa Addis Ababa mwanzoni mwa Oktoba kwa mkutano wa siku tatu, Jumatano hadi Ijumaa. Ratiba ilianza saa tatu asubuhi na kuisha saa kumi na moja na nusu jioni, na kila usiku alitakiwa kutuma muhtasari ofisini. Binti yake wa darasa la tano, ambaye shuleni alikuwa amesoma habari za zamadamu na Bonde la Olduvai, hakuagiza pipi wala viatu. Alimpa karatasi yenye neno moja: Lucy. Mdogo wake, wa miaka mitatu, hakuagiza kitu. Alilala na mto wa mama siku mbili kabla ya safari, na asubuhi ya kuondoka akakataa kuaga.

Kutoka Dar es Salaam hadi Addis Ababa ni takriban saa tatu angani, na saa za miji hiyo ni zile zile. Jambo hilo ni kubwa kwa mzazi kuliko linavyosikika. Anayekwenda Beijing humpigia mtoto simu akiwa usingizini. Wa Addis anaweza kupiga saa moja na nusu usiku, wakati nyumbani wanakula.

Kinachobadilika ni hewa. Jiji liko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko Njombe. Mtu wa pwani hupanda ngazi za ghorofa ya pili akahema kama aliyekimbia, na usiku hutafuta sweta. Siku ya kwanza ni vizuri kutembea polepole na kunywa maji ya kutosha. Ukaidi hapo huishia kwenye kichwa kuuma ukumbini.

Jumatano mchana, kwenye chakula cha mkutano, mama huyo alichukua alichokizoea: wali, kuku na kachumbari. Akashangaa kuona wenyeji wengi wanawapita kuku na kujipanga kwenye meza ya pembeni. Akamuuliza jirani yake wa kiti, mama wa makamo aliyekuwa sekretarieti.

"Dada, huyu kuku ana tatizo?"

"Hana, mdogo wangu. Leo ni Jumatano."

Waumini wa Kanisa la Orthodox la Ethiopia hufunga siku za Jumatano na Ijumaa karibu mwaka mzima, mbali na mifungo mirefu kama Kwaresima. Siku hizo hawali nyama, maziwa wala mayai. Kwa sababu hiyo nchi imekuwa fundi wa vyakula visivyo na nyama, na mgeni asiyejua huikosa hazina yote akishindana na kuku wa hoteli.

Sahani ya siku hiyo inaitwa beyaynetu, yaani mchanganyiko. Chini kuna injera, mkate mpana wa majimaji uliojaa matundu madogo upande wa juu, unaofanana kwa mbali na chapati za maji. Unga wake ni wa teff, nafaka yenye punje ndogo mno, ndogo hata kuliko ulezi. Unga huchanganywa na maji na kuachwa siku mbili tatu uchachuke, kisha humiminwa kwenye kaango kubwa la mviringo. Uchachu ndio unaowakimbiza wageni, lakini aliyekunywa togwa hapati shida. Juu ya injera hupangwa vilima vya mboga: adesi nyekundu zenye pilipili, shiro ambayo ni rojo la unga wa dengu, kabichi na karoti, na majani ya kijani yanayofanana na sukuma wiki.

Huliwa kwa mkono wa kulia, kila mtu akimega mbele yake. Mswahili yuko nyumbani.

Pilipili ndiyo ya kuangalia. Mchanganyiko wao uitwao berbere hauonekani mkali kwa macho, unakuja taratibu kooni. Mwenye tumbo la wasiwasi, au aliyefuatana na watoto, aombe alicha, mchuzi wa manjano usio na berbere. Halafu kuna kitfo, nyama ya ng'ombe ya kusaga iliyotiwa siagi na viungo, ambayo wengi huila mbichi. Ni heshima kuletewa, lakini mwenye ndege ya Ijumaa usiku na ripoti mkononi hana sababu ya kujaribu tumbo lake. Akiomba ipikwe, itapikwa, na hakuna atakayechukia.

Mkutano ulifanyika katika viwanja vya Kamisheni ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Afrika. Ndani ya uzio huo huo upo Ukumbi wa Afrika, uliofunguliwa mwaka 1961. Hapo ndipo, Mei 25, 1963, viongozi wa nchi huru za Afrika, Mwalimu Julius Nyerere akiwemo, walipotia saini mkataba wa kuanzisha Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Kutokana na umoja huo ilizaliwa Kamati ya Ukombozi, ambayo makao yake yalikuwa Dar es Salaam. Dirisha la ukumbi ni kazi ya msanii Afewerk Tekle: vioo vya rangi vyenye ukubwa wa mita za mraba 150, vinavyosimulia ukombozi wa bara. Wajumbe wengi walitumia mapumziko ya chai kuchaji simu. Yeye, kwa msaada wa yule dada wa sekretarieti, alipata dakika 20 za kusimama chini ya mwanga ule. Haikuhitaji teksi wala ruhusa ya bosi.

Jioni alipiga simu nyumbani. Binti alitaka kujua kama ameshamwona Lucy. Mdogo alisikika kwa mbali akisema hataki kuongea na simu. "Amenuna, mama," alisema dada wa nyumbani. "Lakini amekula." Muhtasari wa usiku ule uliandikwa kwa shida.

Makumbusho ya Taifa yalikuwa kilomita chache tu kutoka mkutanoni, lakini hufungwa jioni, na mkutano nao uliisha jioni. Ijumaa ilikuwa na maazimio ya mwisho, na kila aliyewahi kuhudhuria mikutano anajua maazimio huchelewa. Ikabaki Alhamisi, saa saba hadi saa tisa mchana, muda wa chakula.

Kupanga teksi ya saa saba ni somo lenyewe. Waethiopia huhesabu saa kama Waswahili, kuanzia jua linapochomoza. Saa saba yao ni saa saba yetu. Kwa Kiamhari ni "sebat se'at", na maneno yote mawili yanajulikana kwa sikio la Mswahili. Shida ni Kiingereza kinapoingia katikati. Ukimwambia dereva kwa Kiingereza uje saa "moja" ya mzungu, yaani saa saba mchana, huenda akaelewa saa moja ya kwao, ukamwona jioni. Wazungu wengi wamekosa ndege kwa kitu kama hicho. Mama yule alinyoosha vidole saba, kisha akaonyesha juu, jua linapokuwa utosini. Dereva akacheka, akarudia: "Sebat." Saa saba kamili alikuwa getini.

Lucy yuko ghorofa ya chini, chumba kisicho na mbwembwe. Mifupa yake iligunduliwa Novemba 24, 1974 huko Hadar, katika eneo la Afar, na timu ya mtafiti Donald Johanson. Inakadiriwa kuwa na miaka milioni 3.2, na iliyopatikana ni kama asilimia 40 ya mwili mzima, kiasi ambacho kwa mabaki ya kale namna hiyo ni muujiza. Jina Lucy lilitokana na wimbo wa Beatles uliokuwa ukipigwa kambini. Wenyeji humwita Dinkinesh, yaani wewe ni wa ajabu. Inayoonekana kwenye kioo ni nakala. Mifupa halisi hutunzwa mahali salama. Urefu wake ulizidi mita moja kidogo tu, kama mtoto wa chekechea.

Kuna jambo ambalo mtoto wa Kitanzania anastahili kuambiwa mbele ya kioo kile. Aina ya kina Lucy imepewa jina la Afar, lakini mfupa ambao wanasayansi waliutumia kama kielelezo rasmi cha aina hiyo ni taya lililopatikana Laetoli, katika Ngorongoro. Na nyayo maarufu za Laetoli, zilizogunduliwa mwaka 1978 na timu ya Mary Leakey, zenye zaidi ya miaka milioni 3.6, zinaaminika kuwa za viumbe wa aina hiyo hiyo. Huyu wa Addis ana ndugu zake Arusha.

Makumbusho hayo yanatunza pia mifupa ya Selam, mtoto aliyepatikana Dikika mwaka 2000 na timu ya mtafiti wa Kiethiopia, Zeresenay Alemseged. Jina lina maana ya amani. Wengine humwita mtoto wa Lucy, ingawa aliishi zaidi ya miaka 100,000 kabla yake. Alikufa akiwa na miaka kama mitatu. Watafiti waliochunguza mguu wake waliona kwamba alitembea wima, lakini kidole gumba cha mguu kilikuwa bado na uwezo wa kushika, kitu ambacho kingemsaidia kumng'ang'ania mama yake. Mama wa Dar es Salaam alisoma habari hizo kwenye simu ndani ya teksi, foleni ikiwa imesimama, akarudi ukumbini dakika saba baada ya saa tisa bila kula chochote.

Yule dada wa sekretarieti aliligundua hilo, na jioni akamchukua nyumbani kwake. Hii ndiyo bahati ambayo haimo kwenye ratiba yoyote, na ni vyema kuikubali hata kama ripoti inasubiri hadi saa nne usiku.

Chakula kilikuwa doro wat, kuku wa mchuzi mzito wa vitunguu na berbere, na mayai mazima ya kuchemsha ndani yake. Kabla ya kula, mtoto mkubwa wa nyumba alipita na birika na beseni kunawisha wageni. Katikati ya chakula mwenyeji alikunja tonge la injera na nyama, akalisogeza moja kwa moja mdomoni mwa mgeni. Hiyo inaitwa gursha, kulishana kwa mkono kama alama ya upendo, na tonge likiwa kubwa ndivyo upendo unavyodhaniwa kuwa mkubwa. Kukataa si adabu. Kisha mtoto mdogo wa nyumba naye akataka kumlisha mgeni, akashuka kitini na tonge lake linalovuja. Mgeni akafungua mdomo, macho yakamlenga machozi. Akasingizia pilipili.

Baadaye ikaja kahawa, na hapo haraka huwekwa kando. Buni (wao husema buna) hukaangwa mbele ya wageni, na kaango hupitishwa ili kila mmoja avute harufu. Hutwangwa, huchemshwa kwenye jebena, chungu cheusi chenye shingo nyembamba, na humiminwa kwenye vikombe vidogo visivyo na mikono, huku ubani ukifuka na bisi zikiliwa. Mikupuo ni mitatu: abol, tona na wa tatu baraka, neno ambalo halihitaji mkalimani. Asiye na muda wa jioni nzima hupata kikombe kando ya barabara, kwa akina mama wenye jebena na viti vifupi. Anywe mapema, la sivyo usiku utakuwa mrefu.

Ijumaa maazimio yalichelewa, kama ilivyotarajiwa. Kulibaki muda wa kununua kahawa iliyokaangwa, paketi ya berbere na netela, mtandio mweupe mwepesi wa pamba.

Nyumbani, binti alipokea picha za Lucy kama mwenye mali. Kilichomchanganya ni kalenda. Ethiopia ina miezi 13, 12 ya siku 30 na mmoja wa siku tano au sita, na miaka yao iko nyuma yetu kwa saba au minane. Alihesabu kwa vidole, akamtazama mdogo wake kwa huruma. "Mama, kwa hiyo huko huyu hajazaliwa?"

Mdogo mwenyewe alijificha nyuma ya dada wa nyumbani jioni nzima, haji. Jumapili mama alijaribu injera kwa unga wa mtama, nafaka ambayo hata Ethiopia hutumika pale teff inapokosekana, akiuchachusha na ngano kidogo tangu Jumamosi. Ya kwanza ilitoka nene, haina hata tundu moja. Ya tatu ilikaribia. Akaweka mchuzi wa adesi katikati ya sinia, bila pilipili, akamega tonge na kulinyoosha bila kusema neno. Mtoto alilitazama muda mrefu. Kisha akasogea, akala, akamega lake na kumpelekea mama mdomoni, mchuzi mwingi ukiishia kwenye netela mpya.