Zamu ya Kusema

Nilipoanza kazi katika chumba cha upasuaji cha hospitali moja ya mkoa, miaka ya tisini, kulikuwa na sheria ambayo haikuandikwa popote na kila mtu aliijua: daktari akishanawa na kuvaa glavu, msemaji ni yeye. Alinyoosha kiganja bila kugeuka, na sifa ya muuguzi hodari ilikuwa kukiweka kifaa pale kabla hakijatajwa. Nilijivunia ustadi huo na hadi leo nauheshimu, maana watu waliozoeana hawahitaji maneno mengi. Ila ukimya wa watu wanaoelewana na ukimya wa watu wanaoogopana, ukiwa umesimama mlangoni, huwezi kuutofautisha.

Ngazi yetu ilikuwa hivi. Juu kabisa daktari bingwa, kama yupo. Mara nyingi hakuwepo, na kisu kilishikwa na daktari msaidizi. Madaktari wasaidizi ndio waliobeba upasuaji wa uzazi katika hospitali nyingi za wilaya kwa miaka mingi, na sijui kwa nini hatuwataji zaidi. Anafuata mtu wa usingizi, kisha muuguzi wa mezani anayetoa vifaa, kisha muuguzi wa kuzunguka anayeleta nyuzi, maji na gozi. Mwisho kabisa mhudumu, msukuma machela na mpiga deki. Huyo aliitwa "we kaka" hata kama ana wajukuu.

Usiku mmoja alipasuliwa tumbo mama ambaye utumbo wake ulikuwa umejisokota. Mimi nilikuwa nimeshika chuma cha kupanulia kidonda. Gozi kubwa zilitolewa tano tano, kila fungu likiandikwa kwa chaki ubaoni, na zilizolowa damu zilipangwa juu ya mpira sakafuni ili zihesabike. Daktari alipoanza kushona, msichana wa kuzunguka, mgeni kazini, alihesabu. Akarudia. Kisha akamsogelea muuguzi wa mezani na kumnong'oneza. Wa mezani akahesabu kwa macho, akamtazama mtu wa usingizi. Mtu wa usingizi akakohoa, akasubiri kidogo, akasema, "Samahani Daktari, wenzetu huku bado wanahesabu." Daktari akajibu wahesabu, na mkono wake ukaendelea kushona. Ilichukua muda mpaka mtu akatamka wazi kwamba gozi moja haionekani, na tumbo lilikuwa limekaribia kufungwa. Likafumuliwa. Gozi ilikuwa chini ya ini.

Mama yule alipona. Daktari alituuliza kwa ukali kwa nini hatukusema mapema, na swali hilo nalo hakuna aliyelijibu.

Miaka kadhaa baadaye, kwenye mafunzo, mkufunzi hakuanza na hospitali. Alianza na ndege. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, uwanja ukiwa umefunikwa na ukungu, rubani wa KLM, mtu mwenye jina kubwa katika shirika lake, alianza kuondoka wakati ndege ya Pan Am ingali kwenye njia hiyo hiyo ya kurukia. Mhandisi aliyekuwa naye chumba kimoja aliingiwa na shaka, akauliza kama ile nyingine imeshatoka njiani. Rubani akamhakikishia kuwa imetoka, na mhandisi hakuuliza tena. Watu 583 walikufa. Ajali hiyo ni moja ya sababu zilizofanya mashirika ya ndege yaanze kuwafundisha marubani kusikiliza wasaidizi wao, na wasaidizi kusema kitu hadi kisikike. Ukumbini tulikaa kimya. Nadhani kila mmoja alikuwa na gozi yake kichwani.

Kutoka kwenye ndege mkufunzi akageukia karatasi ya kuhakiki usalama wa upasuaji. Ilitoka Shirika la Afya Duniani mwaka 2008: ukurasa mmoja, mambo 19, sehemu tatu. Ya kwanza husomwa kabla ya nusukaputi, ya pili kabla ya kisu kugusa ngozi, ya tatu kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Ilijaribiwa katika hospitali nane za miji minane, na mmoja wa miji hiyo ni Ifakara yetu ya Tanzania, bega kwa bega na London, Toronto na Seattle. Matokeo yalichapishwa Januari 2009: vifo vya waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Kusikia Ifakara kulitusaidia. Usingeweza tena kusema kwamba ni mambo ya Wazungu wenye mashine.

Kabla ya hapo zilikuwa zimeingia zile S tano za Wajapani za kupanga mahali pa kazi, Hospitali ya Rufaa Mbeya ikiwa miongoni mwa za kwanza: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Makabati yetu yalipata lebo, nyuzi zikapangwa kwa namba, na ugomvi wa "nani kachukua mkasi" ukapungua sana. Lakini kabati halina cheo, kulipanga ni rahisi.

Karatasi ilipofika kwetu tuliipokea kama tunavyopokea fomu zote. Ilijazwa. Ilijazwa chumba cha chai baada ya upasuaji, vema kumi na tisa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, kisha ikabanwa kwenye faili. Hatukuwa peke yetu. Ontario, Kanada, walipotazama hospitali 101 zilizoamriwa kuitumia, taarifa iliyotoka mwaka 2014 haikuona nafuu ya maana. Naona hilo halikuivunjia karatasi heshima. Lilionyesha kwamba kazi ilifanywa na midomo, na vema ni wino tu.

Aliyetubadilisha ni muuguzi mfawidhi wetu, mama mfupi wa sauti ya kanisani. Alimnyang'anya daktari karatasi, kwa adabu, akampa muuguzi wa kuzunguka aisome kwa sauti. Daktari akiisoma mwenyewe inakuwa hotuba. Kisha akapindua mpangilio wa kujibu. Karatasi inataka kila aliyemo chumbani ajitaje jina na kazi yake. Sisi tungeanza na bingwa kushuka chini, kama tunavyokaa kwenye meza kuu. Mama akasema tuanze na mhudumu, na daktari awe wa mwisho, kwa sababu mkubwa akishatoa kauli nani atamwongezea?

Tulicheka. Kujitaja kwenyewe kulikuwa na taabu yake. Mkufunzi mmoja mgeni alitaka tuitane kwa majina matupu, eti ndiyo usawa. Nani amwite mzee wa miaka hamsini jina lake la ubatizo mbele ya watoto wake wa kazi? Tukaafikiana: kila mtu ajitaje mara moja asikike, kisha Daktari abaki Daktari, Sista abaki Sista. Sijaona heshima ikimzuia mtu kusema pindi zamu yake ikifika na watu wakanyamaza kumsubiri.

Faida niliiona kwa macho. Aliletwa kijana wa ngiri, faili linasema hajala tangu usiku. Msomaji akasoma sehemu ya kwanza, akamaliza na swali tulilojiongezea wenyewe: kuna mwenye neno? Mhudumu, mzee aliyekuwa amesimama karibu na mlango, akavua kofia. "Samahani Daktari. Huyu njiani kaniambia mama yake kamletea uji saa moja." Kijana akatazama dari, akakubali. Mwenye tumbo lililojaa akilazwa kwa nusukaputi, chakula kinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Kijana alirudishwa wodini, akapasuliwa kesho yake. Mzee yule alikuwa amesukuma machela miaka mingi, wagonjwa wakimsimulia mambo njia nzima kwa sababu ndiye mtu wa mwisho asiye na sindano mkononi. Yote aliyoyasikia yaliishia mlangoni. Baada ya siku ile hata yule bingwa mwenye haraka alikuwa akimgeukia: "Mzee, leo wamekwambia nini?"

Karatasi ilileta na jambo jingine ambalo sikulitegemea. Inauliza kama kipimo cha oksijeni kimebanwa kidoleni na kinafanya kazi. Chumba chetu cha pili hakikuwa nacho. Siku zote mtu wa usingizi alilalamika peke yake. Sasa "hakipo" iliandikwa kwenye faili la kila mgonjwa, ikiwa na saini ya watu watatu. Kipimo kilinunuliwa.

Halafu zikaja simu. Kundi la WhatsApp la chumba cha upasuaji lilitusaidia kuita damu na kumwamsha mtaalamu usiku, hilo silikatai. Lakini pia lilileta watu wanaoamini kwamba wakishatuma ujumbe saa nane usiku basi wamekwisha kukabidhi kazi, pamoja na viongozi wanaomkaripia mtu mmoja mbele ya arobaini. Nilishauri makaripio yafanyike ofisini, mlango umefungwa. Ushauri wangu ulipata alama nyingi za dole gumba, na makaripio yakaendelea kundini.

Nilipokaribia kustaafu, sehemu iliyokuwa ikiteleza ni ya tatu. Glavu zimeshavuliwa, daktari anatafuta chai, nani atasikiliza mambo ya kuangaliwa wodini? Mgonjwa alikuwa akipokewa kwa neno moja, "amefanyiwa", na muuguzi wa wodi akabaki kulifasiri faili kama barua ya mganga. Mama mfawidhi akaweka utaratibu: hakuna kusaini mapokezi mpaka uambiwe kitandani, kwa mdomo, nini kimefanyika, damu kiasi gani imepotea, na kitu gani kikitokea aitwe nani. Wiki ile ile bingwa mmoja aliyekuwa akisaidia kusukuma kitanda, maana wahudumu walikuwa wachache, alikabidhi faili na kugeuka aondoke. Muuguzi wa wodi, binti wa mwaka wa kwanza kazini, akamwambia, "Daktari, shikamoo. Bado sijapokea." Bingwa akatazama saa, akarudi, akasimama upande wa pili wa kitanda na kuanza kueleza. Alipofika kwenye damu, binti akamsimamisha aandike.