Bandu Bandu Huisha Gogo: Malisho na Malka za Garissa

Mimi ni karani wa serikali hapa Garissa. Kazi yangu ni kupokea barua za watu waombao ardhi, kuziandika daftarini na kuziweka katika faili zake. Kazi hiyo haina sifa kubwa, lakini ina faida moja: aifanyaye huyaona kwa pamoja mambo ambayo kila mwombaji huyaona peke yake. Huyu ataka kiwanja cha duka kando ya barabara ya lami. Yule ni mjane atakaye ekari mbili za kupanda vitunguu ukingoni mwa mto. Wengine ni vijana watafutao mahali pa kufyatulia matofali. Katika maombi hayo hakuna hata moja lililo baya. Lakini ukiyajumlisha ya miaka kumi, waona kwamba nchi imemegwa pasipo mtu yeyote kukusudia kuimega. Wazee walinena kweli kwamba bandu bandu huisha gogo.

Wilaya hii ya zamani, ambayo tangu mwaka 2013 ina serikali yake ya kaunti, ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 44,000, na sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 841,353. Mgeni atokaye bara, akichungulia dirishani mwa basi na kuona vichaka na mchanga bila ua wala nguzo, husema, “Nchi hii ni tupu, haina mwenyewe.” Hapo ndipo kosa linapoanzia. Nchi hii haikuachwa wazi kwa uvivu. Iliachwa wazi kwa sababu isipokuwa wazi haitumiki.

Yafaa nieleze, hasa kwa wasomaji walio wakulima wa milimani. Mvua ya huku ni chache, tena hainyeshi kwa usawa. Wingu laweza kumwagika Balambala na kuipita Fafi kavu. Mwakani mambo yakageuka. Mtu mwenye ekari elfu moja zilizozungushiwa waya aweza kukosa hata unyasi mmoja, huku jirani yake wa mbali akiwa na majani yafikayo magotini. Kwa hiyo Msomali mfugaji hakai akingoja mvua imfuate. Yeye ndiye aifuataye. Wakati wa masika, aitwayo Gu, mifugo huenda mbali kwenye mabwawa na malaga yenye maji ya muda. Wakati wa Jilaal, kiangazi kikali cha baada ya mwaka mpya, mabwawa hukauka, na ng'ombe hurudi kwenye visima na kwenye Mto Tana, ambao ndio mto wa pekee usiokauka katika kaunti hii. Ngamia aweza kuvumilia siku nyingi bila maji, ng'ombe hawezi.

Basi umuhimu wa malka ni hapo. Malka ni njia ya mifugo ishukayo mtoni, iliyokubaliwa tangu zamani baina ya mchungaji na mkulima. Upana wake si mkubwa, na kwa miezi mingi waweza kudhani haina mtumiaji. Lakini malka moja ikifungwa, malisho ya masafa marefu nyuma yake huwa kama ghala ambalo ufunguo wake umepotea: majani yapo, bali mnyama hawezi kuyala kwa kuwa hana pa kunywa.

Malisho ya mbali nayo humegwa kwa njia nyingine. Huchimbwa kisima kirefu mahali palipokuwa pa malisho ya masika tu. Watu hufurahi, na haki yao. Baada ya kisima hujengwa vibanda, kisha duka, kisha huombwa shule na zahanati. Mifugo haiondoki tena, na majani yaliyokuwa akiba huliwa mwaka mzima mpaka pakabaki vumbi. Katika ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023, uliokausha misimu mitano mfululizo, mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa katika nchi kavu za Kenya. Sisemi kwamba vibanda ndivyo vilivyozuia mvua. Nasema kwamba akiba iliyoliwa mapema haipo siku ya njaa.

Jambo hili limenigusa nyumbani. Sisi ni wakulima wa mtoni. Mama yangu alinilipia karo ya sekondari ya misheni kwa maembe, ndizi na nyanya za shamba linalopakana na malka. Mwaka jana kaka yangu mkubwa, ambaye sasa ndiye alimaye, alitaka kusogeza ua wa miiba hatua arobaini ili apate nafasi ya matikiti, maana amenunua pampu. Jirani wa upande wa pili alikuwa amekwisha kusogeza ua wake. Nilimwambia, “Kaka, nakusihi, njia hiyo si yetu.” Akanijibu, “Wewe una mshahara, mdogo wangu. Mimi nina watoto sita na mto huu.” Sikuwa na neno jepesi la kumrudishia, kwa kuwa asemayo ni kweli. Mama alikuwa akipepeta mchele, akasema bila kuinua macho, “Ng'ombe mwenye kiu haoni ua.” Kaka hajasogeza miiba, wala hajaahidi kuiacha.

Maneno ya mama si fumbo. Ng'ambo ya mto, katika Kaunti ya Tana River, kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, wakulima na wafugaji waliuana, na watu zaidi ya mia moja wakafa. Siasa ya uchaguzi ilikuwamo, lakini kuni zilizowashwa zilikuwa ugomvi wa siku nyingi juu ya malisho na njia za maji.

Pengine msomaji atasema nchi yetu ni kubwa mno kuweza kwisha. Na atazame Kitengela, kusini ya Nairobi. Tangu miaka ya 1980 ranchi ya pamoja ya Wamasai iligawanywa vipande, kila mwenye kipande akauza na kujenga apendavyo. Nyumbu waliokuwa wakihama kati ya tambarare zile na Mbuga ya Wanyama ya Nairobi walikuwa makumi ya maelfu katika miaka ya 1970. Kufikia mwaka 2011 walibaki elfu chache. Hata Waingereza, wenye mvua tele, walilazimika mwaka 1935 kutunga sheria ya kuzuia nyumba zisijipange kama shanga kandokando ya barabara kuu.

Kwetu sheria haikosekani. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 yasema kwamba ardhi ya jamii isiyosajiliwa hushikwa na serikali ya kaunti kama amana, nayo haina ruhusa ya kuiuza wala kuigeuza kuwa ya mtu binafsi. Mapatano na mwekezaji hayana nguvu bila kukubaliwa na theluthi mbili ya watu wazima mkutanoni. Tena jamii iliyosajiliwa yaweza kutenga sehemu za kulima, za makazi, na za njia za kupitia. Jamii isiyojisajili huacha mlango wake bila komeo.

Mimi si adui wa maendeleo. Mtambo wa umeme wa jua uliofunguliwa hapa mwaka 2019, wenye megawati 50, ulikusanywa mahali pamoja, na nchi haikuumia. Kule Ijara, jamii ya Ishaqbini ilitenga ardhi yake yenyewe kwa ajili ya hirola, paa adimu ambaye duniani hawafiki mia tano, na ng'ombe wao wangali wanalisha. Ubaya hauko katika kujenga, bali katika kujenga popote, leo hapa na kesho pale, bila ramani.

Kwa hiyo nawasihi wasomaji wa mkoa huu. Wazee watembee pamoja na wakulima, wazihesabu malka zote na kuziwekea alama kabla ya Jilaal. Wajumbe wanaoomba kisima waulizwe kwanza ni malisho ya msimu gani yatakayoguswa. Vijana wenye shahada wasaidie jamii zao kujisajili. Na makarani wenzangu, barua iombayo kiwanja ikifika mezani, tuitazame pamoja na ramani, ili mwenye kuamua aone nayo njia ya ng'ombe. Kiwanja kilichokataliwa leo chaweza kupatikana mahali pengine. Malka iliyojengwa nyumba haifunguki tena ila kwa machozi.