Sikio Lako Si Sikio la Staa: Iyafoni Zinazokaa Zinapatikanaje?

Haya wadau wangu, leo udaku naupumzisha kidogo, ila msikimbie, maana humu ndani yumo staa mmoja na yumo mzee mmoja wa muziki. Majina yote mawili nayahifadhi, kwa hiyo msinijazie inbox na "nani huyo?" Sisemi ng'o.

Tuanze na staa. Ni dada, mzuri kweli, ana wafuasi kibao, na alitupia video anacheza huku iyafoni zisizo na waya ziko masikioni. Nywele zinaruka huku na kule, iyafoni zimetulia tuli. Basi hapa Michenzani kila msichana akazitaka zile zile. Mie zangu nililetewa na kaka yangu aliyeko Maskati, nikamuombea dua na heri zote. Tabu ikawa moja: masikioni mwangu hazikai. Nikicheka, ya kushoto iko chini. Nikipanda ngazi za ghorofani, ya kushoto iko chini. Siku moja ndani ya daladala ya 502 tunakwenda Bububu, gari ikapiga shimo, ya kushoto ikarukia chini ya siti ya nyuma, nusu ya abiria wakainama kunitafutia. Konda ananiambia, "Dada, bora ungevaa hereni." Gari zima kicheko.

Sasa sikilizeni hii. Yule staa nilikuja kumuona kwa macho yangu kwenye shughuli moja hapa mjini, wanarekodi tangazo. Nikasogea. Jamani, iyafoni zimeshikwa na gundi ya kope! Ile ile ya kubandikia kope za bandia. Akaona nimeona, akacheka, akaniambia, "Mwenzangu, kazi ni kazi." Sikumchukia hata kidogo, kwake ile ni kazi. Ila nikajua kuna watu wanatoa pesa zao, wanarudi nyumbani iyafoni zinawadondoka, halafu wanadhani masikio yao ndiyo yana kasoro.

Hayana kasoro. Masikio ya watu hayafanani, na hata yako mawili si lazima yalingane. Tundu la sikio halikunyooka, lina kona, na ukitafuna au ukipiga mwayo taya inalibadilisha umbo. AirPods za kwanza za Apple, mwaka 2016, zilikuwa plastiki ngumu, umbo moja kwa dunia nzima. AirPods Pro za 2019 zikaja na vimpira vya saizi 3. Toleo la pili la 2022 wakaongeza saizi ndogo zaidi, zikawa 4. Kwa hiyo hata wakubwa wanajua kuwa watu wenye masikio madogo tupo. Muuzaji asikwambie "wewe ndio wa kwanza kulalamika."

Nije kwa mzee, maana yeye ndiye aliyenifanya niandike. Mzee huyu kapiga kinanda kwenye taarab miaka na miaka. Nilikwenda kwake kumrekodi mahojiano. Nikamwamkia, nikauliza swali la kwanza, naona ananitazama mdomo. Nikarudia. Akaniambia, "Mwanangu, hamia upande huu. Huu mwengine umeshaniaga." Sikio lake la kushoto lilikuwa upande wa spika kila akipanda jukwaani, na sasa linalia kama mbu usiku kucha. Mjukuu wake akimwita kutoka jikoni hasikii. Akasema muziki siku hizi anaukumbuka zaidi kuliko anavyousikia. Mie nikakaa kimya, kalamu mkononi, sijui niandike nini.

Mtasema, "Yule ni mambo ya maspika, sisi tuna vitu vidogo tu." Hivyo vidogo viko ndani ya sikio. Na iyafoni isiyokaa ni mbaya zaidi, kwa sababu isipoziba vizuri besi inavujia nje, honi za Darajani zinaingia ndani, na wewe unafanya nini? Unapandisha sauti. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya vijana bilioni 1 wako hatarini kuharibu usikivu wao kwa kusikiliza vibaya. Wanasema sauti ya desibeli 80 unaweza kukaa nayo saa 40 kwa wiki. Ikipanda hadi desibeli 90, ni saa 4 tu kwa wiki nzima! Na vile vinywele vidogo vya ndani ya sikio vinavyopokea sauti vikishakufa haviotei tena. Hakuna spea.

Kwa hiyo kupata iyafoni zinazokukaa si urembo. Ndiyo inayokuwezesha kusikiliza kwa sauti ndogo na bado ukafaidi.

Haya ndiyo niliyoyapata baada ya kuzunguka maduka mpaka wauzaji wakanijua:

1. Nunua zenye vimpira vya saizi tofauti ndani ya boksi. Saizi moja tu, mwachie mwenyewe. Na jaribu kila sikio peke yake. Mie kushoto navaa ndogo, kulia ya kati. Hakuna sheria ya kufananisha.

2. Jifunze kuvaa. Pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma kidogo, ingiza iyafoni, izungushe taratibu mpaka itulie. Usisukume kwa nguvu.

3. Piga wimbo wenye besi nzito. Besi ikiwa nyembamba, kimpira hakijaziba. Ikijaa bila kuongeza sauti, ndiyo saizi yako. Ila ukihisi kubanwa au maumivu baada ya nusu saa, hicho kikubwa, shuka saizi.

4. Kipimo cha urojo! Nunua urojo, tafuna bajia na chipsi za muhogo huku umevaa. Iyafoni ikivumilia urojo, itavumilia na daladala.

5. Jasho la huku kwetu linateleza. Futa sikio na vimpira kwa kitambaa kikavu kabla ya kuvaa. Kama unafanya mazoezi, tafuta zenye kibawa kidogo au ndoano ya kupita nyuma ya sikio, na boksi liandikwe IPX4 au zaidi, maana yake zinahimili maji ya kurushiwa. Vipo na vimpira vya sponji: unaviminya, unaingiza, unashikilia kama nusu dakika vitanuke. Vinashika vizuri, ila vinachakaa haraka kuliko vya kawaida.

6. Dada zangu wa mtandio, hii yetu. Mtandio unasaidia kushikilia, lakini ukiukaza unasukuma iyafoni ndani, na sikio linauma. Tena kitambaa kikigusa zile za kubonyeza, muziki unasimama au simu inajikatia yenyewe. Chagua fupi zisizochomoza nje, na kama zina programu yake, zima sehemu ya kugusa.

7. Barabarani vaa moja, au toa zote. Vespa haikusubiri umalize wimbo.

Zile za Maskati nimempa mdogo wangu wa kiume. Amini usiamini, kwake zimekaa kama ameumbiwa yeye, anacheza nazo mpira na hazitoki. Vitu ni vile vile, masikio ndiyo tofauti. Kaka nilimwambia ukweli, akacheka, akasema mara nyengine atatuma perfume.

Ukivua iyafoni ukasikia mlio kama wa mbu, usidharau. Punguza sauti, pumzisha masikio, na ukiendelea kuusikia nenda hospitali wakutazame. Baadhi ya simu zina sehemu ya kuweka kikomo cha sauti, ingia kwenye setingi uiweke leo leo.

Haya, niambieni: nyie lipi linawadondoka, la kushoto au la kulia? Na nani keshawahi kutafutiwa iyafoni na gari zima? Shukeni kwenye komenti, nawasubiri.